Kusoma sharhi za mkono katika hifadhi za nyaraka za Uskoti: mwongozo kamili kwa mtafiti anayeanza

Mwaka 1970 mwanahistoria Owen Gingerich alifungua nakala ya De revolutionibus, kitabu ambacho mtaalamu wa nyota Copernicus alieleza kwamba dunia inazunguka jua, katika maktaba ya Royal Observatory mjini Edinburgh. Ilikuwa ya chapa ya kwanza, ya mwaka 1543. Kitabu hicho kilikuwa na sifa ya kuwa kigumu mno, hata ikasemwa kwamba hakikuwa na wasomaji. Nakala hii ilikanusha. Pambizo zake zilijaa maandishi ya mkono: masahihisho ya hesabu, marejeo, hoja za kubishana na mwandishi. Aliyeandika hayo alikuwa Erasmus Reinhold, profesa wa Wittenberg aliyefariki mwaka 1553. Kuanzia hapo Gingerich alitumia miaka zaidi ya 30 kufuatilia nakala nyingine za kitabu hicho duniani, na orodha aliyochapisha mwaka 2002 ina nakala karibu 600.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kazi yenyewe ilivyo. Sharhi ya mkono ni ushahidi kwamba mtu fulani, mahali fulani, alisoma, akaelewa au hakuelewa, akakubali au akapinga. Uskoti imetunza ushahidi wa namna hii kwa wingi, na mtafiti yeyote anaruhusiwa kuuona, awe na cheo au asiwe nacho. Kinachowakwamisha wengi ni kutojua taratibu, na zaidi ya hapo ni haraka ya kusoma maneno kabla ya kujua ni maneno ya nani. Mwongozo huu unahusu mambo hayo mawili.

Hatua ya kwanza: jua unatafuta sharhi ya aina gani

Kuna aina mbili kubwa, na kila moja ina njia yake ya kutafutwa.

Ya kwanza ni maandishi ya pambizoni katika kitabu kilichochapwa au katika mswada wa zamani zaidi, yaani kitabu kilichoandikwa kwa mkono. Aliyesoma vitabu vya madrasa, vile vyenye matini katikati na sharhi iliyoizunguka pande zote, atatambua mpangilio huo mara moja. Vitabu vya sheria, dini na falsafa vya Ulaya ya zama za kati vilipangwa hivyohivyo.

Ya pili ni madaftari ya wanafunzi wa vyuo. Uskoti ilikuwa na vyuo vikuu vya kale: St Andrews, Glasgow, Aberdeen na Edinburgh. Kwa muda mrefu mwalimu mmoja, aliyeitwa regent, alichukua kundi la wanafunzi na kulifundisha karibu masomo yote hadi wahitimu. Alisoma sharhi yake juu ya Aristotle kwa Kilatini, polepole, nao wakaandika neno kwa neno. Edinburgh iliuacha utaratibu huo mwaka 1708, Glasgow mwaka 1727, St Andrews mwaka 1747. Madaftari ya karne ya 17 yaliyobaki ni hazina kubwa, kwa maana humo unaona siku kwa siku vijana walikuwa wanafundishwa nini, na Descartes na baadaye Newton walianza kutajwa lini na kwa sauti gani.

Amua mapema unataka aina ipi. Ukiingia ukisema unataka kila kitu kuhusu sharhi, utatoka na picha nyingi kwenye simu na huna swali hata moja lililojibiwa.

Hatua ya pili: tafuta ukiwa nyumbani

Usisafiri kabla ya kuwa na namba za miswada mkononi. Anza na katalogi za mtandaoni za National Library of Scotland, kisha za vyuo vikuu vinne nilivyotaja, kisha za National Records of Scotland, hifadhi ya nyaraka ya taifa. Maktaba ya taifa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1925, ila mkusanyo wake ni wa zamani zaidi, kwa sababu ilirithi maktaba ya mawakili wa Edinburgh iliyofunguliwa mwaka 1689. Ndiyo maana utakutana na namba zinazoanza na Adv.MS., yaani miswada iliyotoka kwa mawakili hao. Namba inayoanza na Acc. kwa kawaida ni ya kitu kilichopokelewa bila kuorodheshwa kwa kina, na hapo ndipo penye uwezekano wa kukuta jambo ambalo halijaandikwa popote.

Maneno ya kutafutia yana umuhimu kuliko watu wanavyodhani. Waliotengeneza katalogi miaka 100 iliyopita hawakutumia msamiati wetu. Jaribu "annotated", "marginalia", "MS notes"; kwa madaftari ya wanafunzi jaribu "dictates" na Kilatini chake, dictata; kisha commentarius, notae, na in Organon au in Physicam, yaani sharhi juu ya vitabu hivyo vya Aristotle. Tafuta pia kwa majina ya waliomiliki vitabu, maana mara nyingi katalogi inataja mwenye kitabu na kunyamaza kuhusu alichoandika ndani. Kitabu kinaweza kuwa kimejaa sharhi na katalogi isiseme neno.

Mfano mzuri ni wa Aberdeen. Duncan Liddel alizaliwa huko mwaka 1561, akaenda kusoma Ulaya bara, akawa profesa Helmstedt, akarudi nyumbani mwaka 1607 na kufariki 1613. Aliacha fedha za kuanzisha nafasi ya profesa wa hisabati katika chuo cha Marischal, na vitabu vyake vikabaki chuoni. Miongoni mwavyo ni De revolutionibus, chenye maandishi ya pambizoni. Katika miaka ya 1960 ikatambuliwa kwamba ndani ya kitabu hicho kuna nakala ya mkono ya Commentariolus, andiko fupi ambalo Copernicus alieleza wazo lake kwa mara ya kwanza, kabla ya mwaka 1514. Nakala aliyoandika kwa mkono wake haijulikani ilipo. Zilizokuwa zikijulikana ni mbili, ya Vienna na ya Stockholm. Ya Aberdeen ikawa ya tatu. Ilikuwa imekaa chuoni kwa miaka karibu 350, katika kitabu chenye jina kubwa kiasi hicho.

Hatua ya tatu: mwandikie mkutubi

Barua pepe fupi inatosha. Taja namba kamili ya kila mswada, tarehe unazotaka kufika, swali unalochunguza kwa sentensi mbili, na uulize kama kitabu kinaweza kutolewa au kiko kwa mafundi wa matengenezo. Uliza pia kama kuna picha za dijitali tayari. Usiombe mkutubi akufanyie utafiti, lakini muulize kama kuna orodha ya zamani iliyopigwa chapa au faili la maelezo ambalo haliko mtandaoni. Mara nyingi lipo.

Kwa kujiandikisha utahitaji kitambulisho chenye picha na uthibitisho wa anwani. Kusoma ni bure. Vitu vingine huwekwa ghala la mbali, kwa hiyo agiza siku kadhaa kabla.

Hatua ya nne: mezani

Penseli tu. Begi, koti na chupa ya maji vinabaki kwenye kabati la nje. Kitabu kinawekwa juu ya mito ya sponji ili mgongo wake usivunjike, na kurasa zinashikiliwa na nyuzi nzito zilizoshonewa vipande vya madini ya risasi ndani. Glavu huhitajiki kwa karatasi wala ngozi: mikono safi na mikavu ni bora, kwa sababu glavu inaondoa hisia ya vidole na karatasi inachanika. Glavu huletwa kwa picha za zamani na vitu vya madini. Upigaji picha kwa simu bila mwanga wa flashi huruhusiwa mara nyingi, baada ya kujaza fomu.

Hatua ya tano: kagua kitabu kabla ya kusoma neno lolote

Hapa usiwe na haraka. Zungusha kitabu taratibu. Je, jalada ni la asili? Kuna herufi zilizogandamizwa kwenye ngozi? Nani ameandika jina lake kwenye ukurasa wa kwanza, na nani amelikwaruza jina la aliyemtangulia?

Kisha tazama kingo za kurasa. Wajalidi wa zamani walikuwa wanakata kingo kila kitabu kilipovalishwa jalada jipya. Ukikuta maandishi ya pambizoni yamekatwa katikati ya neno, umepata ushahidi wa wakati: maandishi ni ya kabla ya jalada hilo. Yakiwa yanakwepa ukingo vizuri, mstari ukijikunja kabla ya kufika mwisho, huenda yaliandikwa baada ya kukatwa. Mwandishi mmoja anaweza kuwa amekatwa na mwingine amesalimika kwenye ukurasa uleule, na hapo umeshajua kwamba umepata watu wawili wa nyakati mbili.

Kwa daftari, inua karatasi moja dhidi ya mwanga. Utaona alama ya kiwanda iliyofumwa ndani ya karatasi, kama chungu, shada la zabibu au kofia ya mchekeshaji. Ichore au ipige picha. Inaweza kusaidia kukisia umri wa karatasi, lakini inakupa tarehe ya karatasi, si ya maandishi.

Angalia pia kurasa zisizoandikwa kitu. Katika nakala ya Reinhold sehemu za hesabu zimejaa maelezo, ilhali sura za mwanzo, zinazosema dunia inazunguka jua, zina machache. Kwenye ukurasa wa jina la kitabu aliandika kwa Kilatini kanuni yake: mwendo wa mbinguni ni wa kasi moja na wa duara, au umeundwa na miendo ya kasi moja na ya duara. Ukiunganisha mambo hayo mawili unajua alichokithamini kwa Copernicus, na unajua kwamba mahali pa jua hapakuwa hoja yake kubwa. Angesoma sura zilizoandikwa tu, mtafiti asingeliona hilo.

Hatua ya sita: jifunze mwandiko

Hati za Uskoti za karne ya 16 na nusu ya kwanza ya karne ya 17 zimeandikwa mara nyingi kwa mwandiko wa makarani, ambao kwa macho mapya hausomeki kabisa. Herufi e imegeuzwa kinyume, c inafanana na r, h inashuka chini ya mstari na mkia uliokunjwa, s ndefu inafanana na f. Baadaye mwandiko wa Kiitaliano, ulio karibu na wetu, unachukua nafasi. Waandishi wengi walichanganya: maelezo kwa mwandiko wa makarani, nukuu za Kilatini kwa wa Kiitaliano.

Lugha ikiwa Kiskoti, zingatia quh mahali ambapo Kiingereza cha leo kingeweka wh, kama katika quhilk. Z nyakati nyingine si z. Ni herufi ya kale iliyokuwa na sauti iliyo karibu na y, na hadi leo imebaki katika majina kama Menzies na Dalziel. Kamusi ya Kiskoti cha kale ipo mtandaoni bure. Hifadhi ya nyaraka ya taifa nayo imetoa masomo ya bure ya kusoma miandiko ya Uskoti, yenye mazoezi na majibu. Fanya mazoezi hayo kila siku kwa muda mfupi. Macho huzoea ghafla, na siku moja utashangaa ukurasa umefunguka.

Lugha ikiwa Kilatini, adui ni vifupisho. Kistari juu ya irabu kinamaanisha m au n imeachwa. P yenye kistari kwenye mguu ni per. Ile yenye mkunjo ni pro. Alama inayofanana na 9 juu mwishoni mwa neno ni us, na mwanzoni ni con. Tengeneza ukurasa wako wa vifupisho vya mwandishi husika, maana kila mtu ana tabia zake.

Tarehe nazo zina mtego. Uskoti ilianza kuhesabu mwaka kuanzia 1 Januari mwaka 1600. Kabla ya hapo mwaka ulianza 25 Machi. Kwa hiyo 12 Februari 1598 kwenye hati ya Uskoti ni 1599 kwa hesabu yetu. England ilisubiri hadi 1752, hivyo barua iliyoandikwa London na jibu lake kutoka Edinburgh vinaweza kuonekana vimepishana mwaka mzima.

Ushauri wangu kwa msomaji wa Kiswahili ni huu: anza mazoezi na karatasi za David Livingstone, ambazo maktaba ya taifa inazo kwa wingi na picha zake nyingi ziko mtandaoni. Utakuwa unasoma Ujiji, Unyanyembe, Manyema, Nyangwe, majina unayoyajua tayari, na neno unalolijua hufundisha jicho herufi kumi usizozijua. Shajara yake ya mwaka 1871 aliiandika kwa wino wa kienyeji juu ya karatasi za gazeti la zamani, maandishi yakikatiza mistari iliyochapwa. Humo ndimo mna habari za mauaji ya sokoni Nyangwe ya 15 Julai 1871. Wino ulififia kiasi kwamba ilibidi upigaji picha wa mianga ya rangi mbalimbali kuurudisha, na picha hizo zikawekwa wazi mwaka 2011. Baadaye Livingstone mwenyewe alinakili habari hizo katika daftari lake kubwa la kumbukumbu na kubadilisha maneno. Weka matini hizo mbili sambamba, uone mtu akijisahihisha. Na usiishie kwake: jumba la makumbusho la Blantyre ya Uskoti, alikozaliwa, lina shajara ya Jacob Wainwright, Myao aliyesafiri katika msafara ulioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani.

Hatua ya saba: nukuu kwa uaminifu

Andika kilichopo, si ulichotarajia. Hifadhi tahajia ya asili. Unapofungua kifupisho, weka ulichoongeza ndani ya mabano: mot9 inakuwa mot(us). Neno usiloweza kulisoma liwekee alama ya kuuliza na uendelee. Utalirudia kesho na macho mapya. Taja karatasi na upande wake: f. 12r ni uso wa mbele, f. 12v ni wa nyuma. Kwa pambizo, ongeza mahali: juu, chini, nje, ndani, na neno gani la matini linalofafanuliwa.

Wape waandishi herufi: mkono A, mkono B. Usiwape majina bado. Eleza wino wa kila mkono, kahawia au mweusi, na kama mmoja unapita juu ya mwingine.

Hatua ya nane: uliza sauti ni ya nani

Wengi wanaruka hatua hii, na mimi naiona ndiyo moyo wa kazi. Wasomi wa zamani walinakili sharhi za walimu wao katika vitabu vyao, neno kwa neno. Mkono unaweza kuwa wa mtu mmoja na mawazo ya mwingine.

Gingerich aliona maelezo ya Reinhold yakijitokeza tena katika nakala za watu wengine. Kisha kuna kisa cha nakala ya Vatican, iliyojaa michoro ya kuvutia ya mipangilio ya sayari. Gingerich mwenyewe alidhani kwanza kwamba ni mwandiko wa Tycho Brahe, mtaalamu wa nyota wa Denmark, na dhana hiyo ikachapishwa. Ulinganisho wa baadaye na nakala nyingine ulionyesha kwamba mwandishi alikuwa Paul Wittich wa Breslau. Historia ya jinsi Tycho alivyofikia mfumo wake wa sayari ikabidi iangaliwe upya. Na ni Wittich huyohuyo aliyemfundisha Liddel wetu wa Aberdeen, ambaye kitabu chake kina maelezo yaliyotokana na mwalimu huyo. Anayesoma pambizo za Liddel na kutangaza mawazo ya Mskoti mwenye kipaji anaweza kuwa anamsikiliza Wittich.

Namna ya kupima ni hii. Tafuta makosa. Anayefikiri mwenyewe hukata, hurudia, hubadilisha hesabu katikati ya mstari. Anayenakili huandika safi, lakini huruka mstari pale neno moja linapojirudia, au huandika upuuzi mahali ambapo hakuelewa asili. Kisha tafuta nakala nyingine zenye maelezo kwenye kurasa zilezile. Kisha linganisha mwandiko na barua au kitabu chenye sahihi isiyo na shaka, herufi kwa herufi, hasa g, d na alama ya "na".

Kwa madaftari ya wanafunzi kipimo ni kingine: tafuta mwanafunzi wa pili wa mwalimu yuleyule. Wanapokubaliana unamsikia mwalimu. Wanapoachana unamsikia mwanafunzi. Mihadhara ya Glasgow ya Adam Smith, mwanafalsafa na mwanauchumi, tunaijua kwa njia hiyo. Smith aliagiza karatasi zake nyingi zichomwe kabla hajafariki mwaka 1790. Kilichobaki cha mihadhara yake ya sheria ni madaftari ya wasikilizaji: moja lilijulikana mwaka 1895, lingine likapatikana mwaka 1958 pamoja na daftari la mihadhara ya ufasaha, katika vitabu vilivyotoka kwenye nyumba moja ya Aberdeenshire. Wanaomsoma Smith wa darasani leo wanasoma alichokisikia kijana aliyekuwa amekaa benchi.

Hatua ya tisa: haki, na kurudisha ulichopata

Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ina jambo linalowashangaza wageni. Maandishi yaliyokuwa hayajachapishwa hadi Agosti 1989, ambayo mwandishi wake alifariki kabla ya 1969, kwa kawaida yanalindwa hadi mwisho wa mwaka 2039, hata yawe ya karne nyingi nyuma. Kuna nafuu kwa miswada ya zamani iliyo wazi kwa umma katika maktaba, kwa hiyo usikate tamaa. Muulize mkutubi kabla ya kuchapisha unukuzi mrefu. Picha zina masharti yake peke yake. Kunukuu mistari michache katika makala ya kitaaluma, ukitaja hifadhi na namba kamili, hakuna taabu.

Ukimtambua mwandishi wa pambizo, au ukigundua kwamba maelezo yanatoka kwa mtu mwingine, iambie maktaba hata kabla makala yako haijatoka. Wakutubi huongeza habari hiyo kwenye katalogi, na mtafiti ajaye ataipata kwa kutafuta mara moja. Andika barua pepe, taja namba ya mswada na karatasi, eleza ushahidi wako wa mwandiko, na uambatishe picha za herufi ulizolinganisha.